Methotrekseti, prednisoloni au sindano za bei kali? Kulinganisha dawa za baridi yabisi ukiwa Kisumu

Mama mmoja anayeuza samaki Kibuye aliingia dukani asubuhi, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta, akaniambia, "Mwanangu, nipe zile tembe ndogo nyeupe, zile za jirani yangu." Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, mkono wa kulia na wa kushoto vilevile. Alisema tangu mvua za masika zianze, hawezi kushika kisu cha kuparia magamba mpaka saa nne, ndipo vidole vinalegea. Jirani alikuwa amemgawia prednisoloni za siku tatu, na siku hizo tatu aliamka kama msichana.

Sikumuuzia. Nilimvutia kiti, nikamwomba aliyekuwa nyuma yake anisubiri kidogo, tukaanza kuzungumza.

Nafanya kazi ya kutoa dawa hapa Kisumu, na mama yangu mdogo, anayekaa Luanda kule Vihiga, ana ugonjwa huohuo. Kwa hiyo ulinganisho huu nimeufanya mara mbili: kwanza katika vitabu vya kazi, halafu nyumbani, tukiwa na nauli ya kuhesabu na mgonjwa anayetuangalia usoni. Maoni yangu nayasema mapema ili usome ukiyajua. Kwa wengi wenye baridi yabisi hapa kwetu, dawa ya kuanzia ni methotrekseti, ambayo ni ya zamani na si ghali. Tunachokosea ni kuifikia tumechelewa, baada ya miaka ya kunyamazisha maumivu huku mifupa ikiliwa.

Ni viungo gani, na vinauma vipi?

Sisi huita kila maumivu ya viungo baridi yabisi. Ninaoulinganishia dawa hapa ni ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utando wa ndani wa viungo. Hupenda viungo vidogo vya mikono na miguu, pande zote mbili. Asubuhi viungo hukakamaa kwa zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima au zaidi, na mtu huchoka mchana kutwa bila kufanya kazi kubwa. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu kuliko wanaume.

Goti la mzee linalouma akipanda mlima na kutulia akikaa ni jambo jingine; hapo gegedu limechakaa. Kidole gumba cha mguu kinachowaka ghafla usiku wa manane mara nyingi ni jongo. Huku Nyanza na Magharibi, ambako seli mundu ni nyingi, mtoto anayelia mikono na miguu au kijana anayechechemea kwa nyonga apimwe seli mundu kabla mtu hajamwambia ana baridi yabisi. Kiungo kimoja kilichovimba na kuwa cha moto, pamoja na homa, huenda kina usaha ndani. Huyo usimlinganishie dawa yoyote. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Daktari ataomba kipimo cha damu cha RF, na kile cha anti-CCP kama kinapatikana (vyote hutafuta kingamwili zinazoambatana na ugonjwa huu), pamoja na ESR ya kuonyesha kiasi cha uvimbe mwilini. RF ikitoka safi haimaanishi huna ugonjwa. Vidole vilivyovimba mbele ya macho ya daktari vina uzito kuliko karatasi ya maabara.

Brufen, diklo na selekoksibu

Brufen ilitafutwa kwa ajili ya ugonjwa huu hasa. Stewart Adams, mfamasia wa kampuni ya Boots mjini Nottingham, alianza katika miaka ya 1950 kutafuta dawa ya baridi yabisi iliyo salama kuliko aspirini ya dozi kubwa, na ibuprofeni ikaingia sokoni Uingereza mwaka 1969. Mwaka 1971 John Vane akaeleza jinsi kundi hili linavyofanya kazi: aspirini na jamaa zake huuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Bahati mbaya ni kwamba prostaglandini hizohizo hulinda ukuta wa tumbo na kusaidia damu ifike kwenye figo. Ndiyo sababu mtu anayemeza diklo kila siku kwa mwaka mzima anaweza kuishia na vidonda vya tumbo, au figo zikaanza kuchoka bila yeye kujua.

Wanasayansi walijaribu kutenganisha faida na madhara. Selekoksibu iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1998, na rofekoksibu, iliyouzwa kwa jina la Vioxx, ikafuata 1999. Zote mbili ziliundwa zisiumize tumbo. Tarehe 30 Septemba 2004 kampuni ya Merck iliiondoa Vioxx sokoni dunia nzima, kwa sababu ilikuwa ikiongeza mshtuko wa moyo na kiharusi. Selekoksibu ilibaki, ikiwa na onyo. Wasichojua wateja wangu wengi ni kwamba diklofenaki, ile tunayodungwa kwenye kila kona ya mtaa, nayo huongeza hatari ya moyo kwa namna inayokaribiana na kundi hilo.

Ukilazimika kuchagua kati yake: tumbo likiwa na historia ya vidonda, selekoksibu pamoja na omeprazoli ni bora kuliko diklo. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, ziepuke zote mbili na umuulize daktari wako kuhusu naprokseni. Figo zikiwa mbovu, usiguse hata moja. Na hakuna hata moja inayozuia mfupa kuliwa. Zinakupa usingizi wakati dawa yenyewe ya ugonjwa inatafutwa, na kwa kazi hiyo nazipenda.

Zile tembe ndogo nyeupe

Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, daktari Philip Hench alimdunga mwanamke wa miaka 29, aliyelemazwa na baridi yabisi, dutu ambayo mwanakemia Edward Kendall alikuwa ameihangaikia maabara kwa miaka mingi. Siku chache baadaye mwanamke huyo alikuwa anatembea. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi walipewa Tuzo ya Nobel. Dutu hiyo iliitwa kotisoni, na prednisoloni ni ya ukoo wake.

Furaha haikudumu. Dozi zilipopanda na miezi ikapita, nyuso za wagonjwa zikawa duara, sukari ikapanda, mifupa ikadhoofika, vidonda vikawa vigumu kupona. Waliposimamisha dawa, ugonjwa ulirudi palepale ulipoachwa. Yaliyowapata Mayo ndiyo ninayoyaona Kisumu, isipokuwa hapa hakuna anayepima sukari wala presha njiani. Mtu anaanza na tembe mbili za mg 5, anaongeza mbili, anamgawia dada yake, na miaka mitatu baadaye anavunjika nyonga kwa kuteleza bafuni.

Hata hivyo, si dawa ya kutupwa. Kazi yake halali katika ugonjwa huu ni kuwa daraja: dozi ndogo, kwa wiki chache, wakati mgonjwa anangoja methotrekseti ianze kushika. Mwongozo wa Ulaya unataka daraja hilo livunjwe kadiri iwezekanavyo ndani ya miezi mitatu. Ule wa Marekani wa 2021 ni mkali zaidi, unapendelea kuanza bila prednisoloni kabisa pale inapowezekana. Mimi niko karibu na wa Ulaya. Mama anayeuza samaki hawezi kukaa wiki nane bila mikono, kwa kuwa watoto wanakula kutoka kwenye meza ile. Lakini daraja lazima liwe na tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki.

Kama umezimeza kwa zaidi ya wiki chache, usiziache ghafla. Tezi zilizo juu ya figo zako zimezoea kulala, na zikikosa msaada mara moja unaweza kuzirai na hata kufa. Hupunguzwa kidogokidogo, kwa maelekezo.

Kuna jambo hapa linaloniuma. Zile chupa na paketi za "dawa ya mifupa" zinazouzwa stendi na ndani ya basi, zinazoahidi mitishamba mitupu, huenda zina dawa hii ndani bila wewe kuambiwa. Si tuhuma ya hewani. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa maonyo zaidi ya mara moja kuhusu bidhaa za viungo zinazouzwa kwa jina la Artri King, baada ya maabara kukuta deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa popote kwenye kibandiko. Deksamethasoni ni ya ukoo uleule wa prednisoloni, tena kali zaidi. Mtishamba unaoyeyusha uvimbe kwa usiku mmoja, mimi nauchukulia kuwa na kitu kilichofichwa mpaka maabara iseme vingine.

Methotrekseti, dawa ya mara moja kwa wiki

Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba aminopterini, dawa inayoizuia foleti, vitamini ambayo seli huihitaji ili kuzaliana, isifanye kazi mwilini, imewapa nafuu ya muda watoto wenye saratani ya damu. Mwaka 1951 Richard Gubner na wenzake wakaona dawa hiyohiyo inatuliza baridi yabisi. Ungedhani dunia ingekimbilia. Lakini wakati huo kotisoni ndiyo iliyokuwa midomoni mwa kila mtu, na madaktari waliogopa kumpa mgonjwa wa viungo dawa ya saratani. Methotrekseti, ndugu yake aminopterini aliye rahisi kumwongoza, ilipata majaribio mazuri ya kulinganishwa na kidonge kisicho na dawa katikati ya miaka ya 1980, na Marekani iliiidhinisha kwa baridi yabisi mwaka 1988. Kotisoni ilipata Nobel ndani ya miaka miwili. Hii ilingoja karibu miaka 40. Bado nasikitika nikifikiria mikono iliyopinda katika miaka hiyo.

Inalinganaje na prednisoloni? Prednisoloni utaisikia kesho. Methotrekseti utaisikia baada ya wiki sita hadi kumi na mbili. Hapo ndipo tunapopoteza watu: mwezi wa kwanza mgonjwa anasema "haifanyi kazi," anarudi kwa tembe nyeupe. Lakini ikishashika, hupunguza uvimbe na pia hupunguza kasi ya mifupa kuliwa, na kidonge cha kutuliza maumivu hakiwezi kukufanyia hivyo. Nusu ya hofu ya wagonjwa hutokana na lile neno saratani kwenye karatasi ya maelezo. Kwa saratani dozi yaweza kufika gramu nzima. Kwa viungo ni kati ya mg 7.5 na mg 25, kwa wiki nzima.

Kwa wiki. Neno hilo nalirudia kwa kila mgonjwa mpaka alirudie yeye. Bahasha zetu za dawa tumezoea kuziandika 1x1, 1x3, na mkono wa mtu aliyechoka huandika hivyo bila kufikiri. Methotrekseti ikimezwa kila siku huua uboho, mdomo hujaa vidonda, damu hukosa chembe za kupigana na maradhi, na watu hufa kwa kosa hilo. Mimi huandika kwa herufi kubwa JUMAPILI PEKE YAKE, nikapiga mstari chini, na asidi ya foliki naiweka kwenye bahasha tofauti iliyoandikwa ALHAMISI. Asidi ya foliki hupunguza kichefuchefu, vidonda vya mdomo na usumbufu wa ini. Zipo tembe za mg 2.5 na za mg 10, na huweza kufanana. Fungua bahasha kabla hujatoka dukani, uzihesabu na usome namba.

Halafu kuna Septrin. Majaribio makubwa ya dawa hizi yalifanywa zaidi Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ambako si kila nyumba ina Septrin kabatini. Huku kwetu, wanaoishi na virusi vya ukimwi wengi wamekunywa Septrin kila siku kwa miaka, na zahanati huitoa kwa kikohozi, kwa mkojo, kwa kuhara. Septrin nayo huzuia foleti. Zikikutana mwilini na methotrekseti, uboho unaweza kuzimika hata kama kila dozi ilikuwa sahihi. Mama yangu mdogo aliandikiwa Septrin katika zahanati moja kwa ajili ya mkojo unaochoma, akiwa na methotrekseti mkobani, na hakuna aliyemuuliza anatumia nini. Alinipigia simu kabla ya kumeza. Tangu siku ile ana kipande cha kadi ndani ya kitambulisho chake kilichoandikwa: NATUMIA METHOTREKSETI, USINIPE SEPTRIN. Fansidar nayo iko kundi hilohilo la kuzuia foleti. AL tunayotumia siku hizi kutibu malaria haina ugomvi huo, ila ukipata homa kali dozi ya wiki hiyo isubiri mpaka uonwe.

Kabla ya kuanza unapimwa hesabu ya chembe za damu, ini, figo, homa ya ini aina ya B, virusi vya ukimwi, na kifua hupigwa picha. Baadaye damu hurudiwa kila wiki mbili hadi nne mwanzoni, kisha kila miezi miwili au mitatu. Hesabu gharama hiyo ndani ya bei ya dawa, maana tembe ni rahisi kuliko vipimo vyake. Tangu Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, nawashauri watu waulize kaunta ya hospitali, kabla ya kupanga foleni, ni vipimo vipi vinalipiwa na vipi watatoa mfukoni. Pombe iachwe, chang'aa na dawa hii hukutana kwenye ini.

Ikishindwa: dawa tatu za kawaida, au sindano?

Hapa ndipo familia nyingi zinapoanza kuzungumza habari za kuuza ng'ombe. Mtu amesikia kuna sindano Nairobi zinazomaliza ugonjwa, na anataka kuruka hatua. Tuziweke ubavu kwa ubavu.

Upande mmoja ni kuongeza sulfasalazini na haidroksiklorokwini juu ya methotrekseti. Sulfasalazini ilitengenezwa Uswidi kwa juhudi za daktari Nanna Svartz, kuelekea mwisho wa miaka ya 1930, kwa ajili ya viungo hivihivi. Haidroksiklorokwini ni dada wa klorokwini, ile iliyotuwasha mwili mzima tukiwa watoto kabla Kenya haijaiacha kama dawa kuu ya malaria mwaka 1998.

Upande wa pili ni dawa zinazotengenezwa na seli hai. Marc Feldmann na Ravinder Maini, wa taasisi ya Kennedy mjini London, walionyesha kwamba kemikali moja ya mwili, TNF, ndiyo inayoamuru sehemu kubwa ya uvimbe ndani ya kiungo. Mwaka 1992 wakawapa wagonjwa wa kwanza kingamwili ya kuinasa TNF. Huko ndiko zilikotoka infliksimabu, etanersepti iliyoidhinishwa Marekani 1998, na adalimumabu iliyofuata mwisho wa 2002. Niliyoyasoma kuhusu wagonjwa wa kwanza hunisisimua kila mara: watu waliobebwa kuingia wodini walitoka kwa miguu yao.

Basi sindano zinashinda? Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoitwa RACAT. Watu 353 ambao methotrekseti peke yake haikuwatosha waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likaongezewa sulfasalazini na haidroksiklorokwini, jingine likaongezewa etanersepti. Ambao hawakupata nafuu ifikapo wiki ya 24 walivushwa kwenda kundi lile jingine. Wiki ya 48 dawa tatu za kawaida zilikuwa hazijaachwa nyuma na sindano. Watetezi wa sindano husema tembe tatu huwachosha watu haraka zaidi, na ni kweli kwamba wingi wa vidonge na kichefuchefu hukatisha tamaa. Lakini kwa mtu wa Ahero au Bungoma anayelipa mwenyewe, jaribio hilo linatosha kuniambia pa kuanzia: dawa tatu, miezi sita, kisha pima upya.

Dawa hizo mbili za nyongeza zina masharti yake. Haidroksiklorokwini isizidi mg 5 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, kwa sababu kwa miaka mingi inaweza kuharibu macho kwa ndani. Macho yachunguzwe mwanzoni na, ukishafika miaka mitano, kila mwaka. Sulfasalazini haimfai mwenye mzio wa dawa za salfa, hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa, na kwa wanaume hupunguza mbegu kwa muda. Kwa watu wa mwambao wa ziwa kuna jingine: wapo wengi waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na hao sulfasalazini yaweza kuzivunja chembe zao nyekundu. Ukianza kupauka na kuwa manjano macho, rudi mara moja.

Sindano nazo kwetu zina mambo mawili ambayo kijikaratasi chake hakiyapi uzito unaostahili. La kwanza ni kifua kikuu. TNF ndiyo inayojenga ukuta unaowazuia vijidudu vya TB waliolala mwilini. Ukiinasa TNF, ukuta unabomoka. Jambo hili lilijulikana wazi mwaka 2001, dawa zikiwa tayari sokoni. Hapa kwetu, ambako ni vigumu kumpata mtu ambaye hajawahi kukaa nyumba moja au matatu moja na mwenye TB, kipimo cha TB iliyolala si cha kurukwa, na ikipatikana inatibiwa kwanza. Etanersepti huonekana kuamsha TB kwa kiwango kidogo kuliko infliksimabu na adalimumabu, kwa hiyo nikilazimika kuchagua kati ya hizo kwa mtu wa Kisumu, ningeiuliza hiyo kwanza. La pili ni baridi. Hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na haziruhusiwi kuganda. Fikiria safari ya usiku kutoka Nairobi kwa basi, kisha boda, kisha friji ya nyumba ambayo stima hupotea kwa saa sita. Kabla hujalipa, uliza nani atabeba boksi la barafu na dawa italala wapi.

Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za kundi hili kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na nakala zake za bei ya chini zimekuwa zikiongezeka. Ulaya ilianza kuuza nakala za adalimumabu Oktoba 2018. Natamani kuona siku hospitali ya Jaramogi, ile wazee bado wanaiita Russia, ikizitoa kama inavyotoa insulini.

Kuna tembe pia. Tofasitinibu, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2012, huzima ishara ndani ya seli zenyewe. Haihitaji friji wala sindano, humezwa mara mbili kwa siku. Kwa barabara zetu ingeonekana ndiyo jibu. Lakini jaribio lililowafuatilia watu wa miaka 50 na zaidi wenye hatari ya moyo lilionyesha mishtuko ya moyo na saratani nyingi zaidi kuliko kwa waliotumia sindano za TNF, na mwaka 2021 FDA ikaiwekea dawa hiyo na jamaa zake onyo kali. Pia huamsha mkanda wa jeshi. Kwa mvutaji sigara au mzee mwenye presha, nisingeipendekeza mpaka sindano za TNF ziwe zimeshindwa.

Kama bado unataka mtoto

Hapa uamuzi ni mfupi. Methotrekseti huharibu mimba na mtoto tumboni. Mpango wa uzazi uwe imara, na iachwe miezi kadhaa kabla ya kutafuta ujauzito, kwa tarehe atakayotoa daktari. Leflunomaidi, dawa nyingine ya ugonjwa huu, nayo haifai, tena hukaa mwilini muda mrefu. Haidroksiklorokwini inafaa, sulfasalazini inafaa ikiandamana na asidi ya foliki. Msichana wa miaka 24 aulizwe swali hili kabla ya kuandikiwa chochote, na aulizwe peke yake, mama mkwe akiwa nje.

Jongo na magoti yaliyochakaa

Jongo ndilo lenye bahati kuliko yote. Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Nobel 1988, walitupa alopurinoli katika miaka ya 1960, na bado inashinda kwa bei. Huanzwa mg 100 na kupandishwa taratibu mpaka asidi ya uriki ishuke chini ya mikromoli 360 kwa lita. Shambulio likiwaka, tuliza kwanza kwa kolchisini au Brufen. Ukitokwa na upele baada ya kuanza alopurinoli, acha siku hiyohiyo urudi hospitali.

Magoti yaliyochakaa yanasubiri. Hakuna dawa iliyoidhinishwa inayorudisha gegedu, ingawa wanaoiuza ni wengi. Glukosamini, inayouzwa kwa bei ya kuumiza, haikuishinda tembe tupu katika jaribio kubwa la Marekani la 2006, kwa jumla ya washiriki. Tanezumabu, sindano ya kuzuia kemikali inayokuza mishipa ya maumivu, ilikataliwa na washauri wa FDA kwa kura 19 dhidi ya 1 mwaka 2021, kwa kuwa viungo vya baadhi ya watu viliharibika haraka zaidi. Habari njema ilitoka upande ambao sikuutarajia: mwaka 2024 jaribio la watu 407 wenye unene na magoti mabovu lilionyesha kwamba semaglutidi, dawa ya kupunguza uzito, iliwashusha karibu asilimia 14 ya uzito kwa wiki 68, na maumivu yakapungua zaidi kuliko kwa waliopewa sindano tupu. Bei yake bado si ya kwetu. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, krimu ya diklofenaki ya kupaka na kupunguza uzito kwa njia yoyote uwezayo ndivyo ninavyompa mzee wa goti.

Tulipofikia

Mama wa Kibuye alitoka dukani na barua ya rufaa na Brufen za siku tano pamoja na omeprazoli, baada ya kuhakikisha hana presha wala vidonda. Nilimwandikia mambo matatu ya kumwambia daktari: viungo vinakakamaa mpaka saa nne, pande zote mbili, na ameshameza prednisoloni siku tatu. Hilo la mwisho alitaka kulificha kwa aibu. Nilimsihi asilifiche.

Mama yangu mdogo yuko mwezi wa tano wa methotrekseti, mg 15. Anaweza kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe, lakini kifundo cha mkono wa kulia bado kimevimba na ESR haijashuka inavyotakiwa. Mwezi ujao tunapanda matatu mapema kwenda kupima ini na damu. Namba zikiwa zilezile, tutaomba G6PD ipimwe, kisha zile dawa mbili ziongezwe.